Semina ya Agosti Haifiki Darasani

Tangu mwaka 2013 kuna maneno yanayorudiwa katika karibu kila kikao cha elimu nchini Kenya, na siku hizi yamevuka mpaka wa Namanga hadi Tanzania. Vifaa vipo, husema wenye kikao. Umeme upo. Maudhui yapo. Aliyebaki nyuma ni mwalimu: hajui, anaogopa, amezoea chaki. Basi aitwe likizoni, akalishwe siku nne au tano katika shule ya upili iliyo karibu na lami, aoneshwe vitufe, apewe cheti, na muhula ukianza tabuleti zitasomesha. Ukiuliza kwa nini mradi fulani wa teknolojia ulikwama, utajibiwa kwamba walimu hawakufunzwa vya kutosha. Ukiuliza basi kifanyike nini, utajibiwa mafunzo zaidi, Agosti ijayo.

Nalipinga jibu hilo tangu herufi yake ya kwanza. Linatafuta ugonjwa mahali usipokuwa, kisha linauza dawa ya mahali hapo mwaka baada ya mwaka, na mgonjwa asipopona analaumiwa yeye.

Tuanze na rekodi. Muungano wa Jubilee uliingia mamlakani 2013 ukiwa umeahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule za umma. Zabuni ya kwanza ilizama katika mivutano ya kisheria, ikafutwa. Ahadi ikashuka kutoka kipakatalishi hadi tabuleti, na mwaka 2016 mradi ukafufuliwa kama mpango wa kitaifa wa elimu ya kidijitali. Mgala muue na haki yake mpe: upande wa bidhaa, kazi ilifanyika. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia na Chuo Kikuu cha Moi, kila kimoja na mshirika wake wa kigeni, vilifikisha vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Shule ilipokea tabuleti za wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta, kifaa cha kuhifadhia masomo na ruta. Nyaya za umeme zilivutwa hadi vijiji ambavyo havikuwa na taa hata moja, na shule za mbali zaidi zikawekewa sola. Walimu nao waliitwa mafunzoni kwa makumi ya maelfu, likizo baada ya likizo.

Kwa hiyo dawa ilitolewa, tena ikanywewa. Hata hivyo, katika shule nyingi mno vifaa hivyo viliishia kabatini hadi betri zikafa. Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka 2016 ndio waliofanya mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, kwa karatasi na penseli. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Covid-19, wakati mtoto alipohitaji kifaa kuliko wakati mwingine wowote, masomo yalikuja kwa redio na televisheni, nazo tabuleti zilibaki nyuma ya kufuli. Sidhani kuna mtu atakayesema kufuli lile halikufunguliwa kwa sababu mwalimu hakujua kubonyeza.

Nataka tukae kidogo kwenye hilo kabati, kwa sababu ndani yake mna majibu mengi kuliko katika ripoti zinazoandikwa kulihusu. Vifaa vilipofika, dhamana alibebeshwa mwalimu mkuu. Anayejua ofisi za umma zinavyokwenda hahitaji kuelezwa: kikipotea kimoja, atatafutwa yeye, ataandika barua yeye, na moyoni ataamini kwamba atakatwa mshahara yeye. Akafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Akaweka nondo dirishani, kufuli mbili mlangoni, na funguo mfukoni mwake.

Sasa mchukue mwalimu wa darasa la pili ambaye ametoka semina akiwa na ari. Kipindi chake ni dakika 30. Watoto ni 60, pengine 70. Kwanza amtafute mwalimu mkuu, ambaye huenda ameitwa kwenye mkutano wa kata. Akimpata, wahesabu vifaa na kutia sahihi. Vibebwe hadi darasani na wavulana wanne waliochaguliwa kwa kutokimbia. Vigawiwe, kimoja kwa watoto wawili au watatu. Viwashwe, vile ambavyo havikuchajiwa vikusanywe tena, na wenyewe wasogezwe kwa jirani. Vingine vitaomba neno la siri. Kufikia hapo watoto wamechangamka kama siku ya sikukuu na mwalimu anapaza sauti. Somo lenyewe likianza, zimebaki dakika 10, na mbili kati ya hizo ni za kuhesabu na kurudisha, maana kikipungua kimoja hakuna atakayekwenda nyumbani. Mwalimu huyo atafanya hivyo Jumatatu. Labda atarudia Jumatano. Wiki ya tatu atachukua chaki, na atakuwa sahihi kabisa. Amepima gharama ya zana dhidi ya faida yake akaamua, kama fundi yeyote anavyoamua.

Semina ilimfundisha kuiwasha tabuleti. Haikumfundisha la kufanya na dakika 20 zinazopotea, wala haikumpa mwalimu mkuu waraka wenye sahihi ya mkubwa fulani unaosema kifaa kitakachoharibika mikononi mwa mtoto hakitalipwa na mtu. Waraka mmoja wa namna hiyo ungefungua makabati mengi kuliko semina mia.

Wapo watakaosisitiza kwamba, hata hivyo, walimu wetu wana woga wa teknolojia. Maneno haya husemwa kwa sauti ya huruma, na ndiyo yanayonikera zaidi. Mwalimu huyo anayeogopa ndiye anayejaza tathmini ya utendaji ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, ile TPAD, mtandaoni tangu 2016. Ndiye aliyeingiza majina, tarehe na namba za vyeti vya kuzaliwa vya watoto katika mfumo wa NEMIS uliozinduliwa 2017, mara nyingi usiku, kwa sababu mchana mfumo ulielemewa. Ndiye anayepandisha alama za tathmini za shuleni kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, kwa simu yake, kwa bando alilonunua mwenyewe, au katika saiba ya mjini kwa malipo ya kila ukurasa. Anakopa kwenye SACCO kwa simu. Anaendesha kundi la WhatsApp la wazazi ambalo halilali. M-Pesa imekuwapo tangu 2007, na hakuna mwalimu aliyepelekwa hotelini wiki nzima kufunzwa kuitumia.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kitu ambacho watetezi wa semina hawapendi kukizungumza. Teknolojia ya kazini iliyomfikia mwalimu wa Kenya kikamilifu, ile anayoitumia apende asipende, yote inapeleka taarifa juu: kwa Tume, kwa Wizara, kwa Baraza. Imefanikiwa kwa sababu asiyeitumia hupata matatizo na anayeitumia huachwa kwa amani. Ile ya kumsaidia kufundisha, inayotakiwa kushuka hadi dawati la mtoto, haina anayeiulizia katikati ya muhula. Huuliziwa tu siku mgeni anapokuja na kamera.

Utamaduni wa kumfunza mwalimu likizoni una historia, na historia yake ingetosha kututahadharisha. Mwaka 1998 Kenya, kwa msaada wa Japani, ilianza mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, kwanza katika wilaya 9, kisha nchi nzima kuanzia 2003. Makao yake yakawa kituo cha CEMASTEA, Karen, Nairobi. Fikra yake ya ufundishaji ilikuwa nzuri sana, na nasema hivyo bila kejeli: mwanafunzi afanye badala ya kutazama, majaribio yabuniwe kwa vifaa vya mahali, mwalimu apange, atende, atazame, aboreshe. Ila ilisafiri kwa ngazi. Wakufunzi wa taifa waliwafunza wakufunzi wa wilaya, na wa wilaya wakawafunza walimu, wakati wa likizo, kwa mizunguko ya siku kumi hivi. Kila ngazi ilipoteza kitu. Maneno yalifika, kilichopotea ni ile hatua ya tatu, kutazama, kwa sababu ukumbini hakuna watoto wa kutazamwa. Mwalimu mwenzako anayejifanya mwanafunzi wa kidato cha kwanza hakosei kama kidato cha kwanza. Anajua jibu, na ana njaa ya chakula cha mchana. Huko nako, kama inavyotarajiwa, mjadala mkali zaidi ukawa wa marupurupu.

Baada ya hapo kila jambo jipya limepita njia hiyo hiyo. Mtaala wa umilisi ulipokuja, mafunzo yakawekwa likizoni, na Aprili 2019 chama cha walimu cha KNUT, wakati huo kikiongozwa na Wilson Sossion, kilipoyapinga, mjadala wa taifa ukawa ni nani mtiifu na nani mkaidi. Wachache waliuliza siku nne zinatosha nini. Septemba 2021 ikaja hatua ya juu zaidi: Tume ilizindua mafunzo ya kuendeleza walimu yenye moduli sita, kila moduli miaka mitano, yakitolewa na taasisi nne, na mwalimu akitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Fanya hesabu. Moduli sita kwa miaka mitano ni miaka 30, yaani maisha yote ya kazi ya mtu. Walimu walipopiga kelele waliambiwa hawapendi kujiendeleza. Hao hao ambao kwa miaka mingi walijaza vyuo vikuu kila Aprili, Agosti na Desemba, wakisomea digrii kwa likizo zao na kwa mikopo yao! Mtu aliyelala kwenye godoro la kukodi likizo zote ili amalize shahada hahitaji kuhubiriwa juu ya kujiendeleza.

Hapa wenzangu wa upande wa pili watauliza: ushahidi uko wapi kwamba njia nyingine ni bora? Upo, na ulikusanywa barani kwetu.

Huko Afrika Kusini, mkoa wa North West, kuanzia 2015, watafiti Jacobus Cilliers, Brahm Fleisch, Cas Prinsloo na Stephen Taylor walizigawa kwa kura shule 180 zinazofundisha kusoma kwa Kitswana. Kundi moja la shule 50 walimu wake waliitwa kwenye warsha za pamoja mara mbili kwa mwaka. Kundi la pili la shule 50 walipata mkufunzi anayewatembelea darasani mara kwa mara. Shule 80 zilizobaki ziliendelea kama kawaida. Wale wa makundi mawili ya kwanza walipewa vitu vile vile: maandalio ya masomo yale yale, vitabu vile vile vya ngazi. Tofauti ilikuwa moja tu, kama msaada unapatikana ukumbini au darasani. Baada ya miaka miwili, watoto waliofundishwa na walimu waliotembelewa walikuwa wamepata faida kama mara mbili ya wale wa warsha. Kumtembelea mwalimu kulikuwa ghali zaidi, ndiyo. Lakini ukiigawa gharama kwa kile mtoto alichojifunza, kulikuwa nafuu.

Wapenda teknolojia wakasema vizuri, basi tumweke mkufunzi ndani ya tabuleti, tuokoe nauli. Likajaribiwa hilo pia, mkoani Mpumalanga, kwa Kiingereza cha shule za msingi. Kundi moja lilipata mkufunzi wa kuja mwenyewe, jingine mkufunzi wa kupiga simu na kutuma ujumbe, na walimu wake wakapewa tabuleti zenye masomo. Mwaka wa kwanza matokeo yalikaribiana, na kama utafiti ungeishia hapo leo tungekuwa tunasomewa matokeo hayo kama aya. Baada ya miaka mitatu mambo yakabadilika. Aliyekuja mwenyewe alikuwa ameinua kuzungumza na kusoma. Wa mbali aliinua kuzungumza kidogo, kusoma hakukuinua, na usomaji wa watoto katika lugha yao ya nyumbani ukashuka. Sina haja ya kuongeza chumvi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Kisumu. Chini ya mradi wa kufundisha kusoma wa PRIMR, uliotangulia ule wa kitaifa wa Tusome, Benjamin Piper na wenzake walijiuliza swali ambalo wanunuzi wa vifaa hawajiulizi: tabuleti tukiwa nazo, tumpe nani? Katika shule za kundi la kwanza watoto walipewa visomeo vya kielektroniki. Katika kundi la pili walimu walipewa tabuleti. Katika kundi la tatu kifaa alipewa afisa anayezitembelea shule, mmoja kwa shule nyingi. Matokeo yalichapishwa 2016. Makundi yote matatu yaliwapita watoto ambao shule zao hazikupata chochote. Ila vifaa havikuongeza jambo la maana juu ya kile ambacho mpango wenyewe, wa vitabu, miongozo na ufuatiliaji, ulikuwa tayari unaleta bila kifaa. Na kwa hesabu ya shilingi, afisa mmoja na tabuleti yake alikuwa nafuu mbali kuliko kumpa kila mtoto cha kwake.

Kenya ilifanya jambo la nadra: ilisikiliza. Tusome ilipoanza nchi nzima 2015, mtoto alipewa kitabu chake mwenyewe cha karatasi, mwalimu akapewa mwongozo wa kila somo, na tabuleti ikaenda kwa maafisa wanaosaidia mtaala, kama elfu moja hivi nchi nzima. Afisa alikaa nyuma ya darasa, akatazama somo zima, akajaza alichoona katika programu iitwayo Tangerine, akawasomesha watoto wachache mmoja mmoja kusikia wanasomaje, kisha akaketi na mwalimu chini ya mti wakazungumza. Nauli yake ilirudishwa kulingana na shule alizofika, na kifaa kilionyesha alikuwa wapi. Watoto walianza kusoma kwa kiwango ambacho miradi mingi barani haijakikaribia.

Natambua, na wapinzani wangu watanikumbusha, kwamba Tusome nayo ilikuwa na semina za likizo. Kweli. Zilikuwa za kuwaanzisha walimu, zikiwa na mazoezi mengi na hotuba chache. Sijasema mwalimu asiitwe kamwe. Nasema kinacholeta mabadiliko ni yule anayekuja baadaye, na kwamba tumezoea kulipia mwanzo tu, kama mwenye shule ya udereva anayefundisha alama za barabarani wiki nzima, anatoa leseni, kisha anashangaa magari yakiingia mtaroni. Bajeti za mafunzo ninazozifahamu hulipia ukumbi, chakula, malazi, nauli, wawezeshaji, kalamu na mkoba wenye nembo. Sehemu ya ufuatiliaji huja mwishoni mwa jedwali, na ndiyo ya kwanza kufutwa fedha zikipungua. Ni rahisi kuhesabu vichwa ukumbini. Walimu kadhaa wamefunzwa, picha ya pamoja imepigwa, ripoti imefungwa.

Kuna na suala la likizo zenyewe. Wazo la kumrudisha mwalimu darasani wakati wa kiangazi lilishamiri Marekani miaka ya 1950, hasa baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, serikali ilipomwaga fedha katika kozi za kiangazi za walimu wa sayansi. Likizo ya huko ni ndefu, karibu miezi mitatu, na mwalimu alikaa chuoni wiki sita au nane, mara nyingi kwa posho nzuri. Sisi tulichukua wazo tukaacha muda na posho. Wiki tatu za Aprili ndizo mwalimu anazopandia mahindi, ndizo anazompeleka mama hospitali, ndizo anazokwenda mazishini kwa watu wote waliofariki katikati ya muhula. Kumwita siku tano humo ni kumpokonya, na yeye huja akijua amepokonywa. Halafu tunasema hana ari.

Tanzania iko katika nafasi ya kuepuka shimo hili, au kutumbukia humo kwa kasi zaidi yetu. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iliamua vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viende kwa walimu. Uamuzi huo ulinifurahisha kwa jambo moja: kifaa kilikwenda mikononi mwa mwalimu, akakaa nacho, badala ya kufungiwa kwa niaba ya mtoto. Tena nchi hiyo tayari ina muundo ambao Kenya inauonea wivu, angalau kwenye karatasi. Mpango wa MEWAKA, wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unataka walimu wakutane shuleni kwao katika Jumuiya za Ujifunzaji, wapange somo pamoja, mmoja afundishe wengine wakitazama, kisha warekebishe. Zambia imekuwa ikifanya hivyo tangu 2005, ilipoanzia Jimbo la Kati na kusambaa kwingineko. Huhitaji hoteli. Unahitaji saa moja na nusu kila wiki mbili iliyoandikwa kwenye ratiba, ambayo hakuna mkuu wa shule atakayeimega kwa ajili ya maandalizi ya mitihani. Hatari ni ile tunayoijua: jumuiya igeuke fomu ya mahudhurio, kishikwambi kigeuke chombo cha kutuma fomu hiyo, na mwaka ukiisha mtu aseme walimu wanahitaji semina.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba njia hii ya kumfuata mwalimu darasani haiwezekani kwa nchi nzima. Hoja hii ina uzito na siidharau. Matthew Kraft na wenzake walipochambua tafiti 60 za kumsaidia mwalimu darasani, mwaka 2018, nyingi zikiwa za Marekani, waligundua kwamba faida ni kubwa lakini hupungua mpango unapokua. Wakufunzi hodari ni wachache, na ukiwahitaji elfu, wa mwisho hawatakuwa kama wa kwanza. Sawa. Lakini tulinganishe haki. Semina nayo hupungua ikikua, kwa sababu ya ngazi zile zile, na inaanzia chini zaidi. Na sisi maafisa tunao tayari. Wanalipwa mshahara, wana maeneo yao, wengine wana pikipiki. Kinachowakosesha kufika shuleni ni petroli, na petroli ni kitu tunachojua bei yake.

Wengine husema mwalimu akitolewa darasani katikati ya muhula ili amtazame mwenzake, watoto wake watakaa bure. Darasa moja, kipindi kimoja, mara moja kwa wiki mbili: unganisha mikondo miwili, au mwalimu mkuu aingie mwenyewe ashike chaki. Itawafaa watoto, na itamfaa yeye.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni jingine, na nimelisikia kwa walimu zaidi kuliko kwa wakubwa. Yule afisa wa kuketi nyuma ya darasa, wanauliza, ni rafiki au ni mkaguzi? Kwa sababu walimu wetu wamekaguliwa tangu enzi za mkoloni, na daftari jeusi lililopo nyuma ya darasa lina historia yake. Akiandika kwamba nimepotea katika somo la sehemu, maneno hayo yataishia wapi? Mwalimu anayehofia hilo atafundisha somo la maonyesho, lililofanyiwa mazoezi na watoto siku mbili, na afisa ataondoka ametazama mchezo wa kuigiza. Kisha tutasema hata ufuatiliaji haufanyi kazi.

Kwa hiyo pesa za Agosti zikihamishwa, kama ninavyotaka zihamishwe, zisiende na petroli peke yake. Afisa anayesaidia kufundisha asiwe yule anayejaza TPAD. Anachoona darasani akizungumze na mwalimu, kibaki kati yao, na namba zitakazopanda juu ziwe za shule alizofika na watoto aliowasikia wakisoma, bila jina la mwalimu. Programu ya tabuleti inaweza kutengenezwa hivyo kwa siku chache. Ni suala la kuamua uga upi uwe wa lazima na upi usiwepo. Na siku Tume itakapoandika barua kuomba nakala za yale mazungumzo ya chini ya mti, kama itakavyoandika, awepo mtu Wizarani mwenye cheo cha kutosha kujibu kwamba hazipo.